Dirisha la alumini likikwama au kuvuja, si lazima libadilishwe lote

Na Mwandishi Wetu

MADIRISHA na milango ya alumini na vioo imechukua nafasi ya mbao katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na miji mingine ya mwambao. Hayaliwi na mchwa, hayavimbi wakati wa mvua na hayahitaji rangi kila mwaka. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa huanza kusumbua: dirisha huwa zito kusukuma, maji ya masika huingia sebuleni, komeo halishiki na kioo hupata ukungu usiofutika.

Hapo ndipo wenye nyumba wengi hupoteza fedha. Huambiwa kuwa dirisha limekwisha na linapaswa kung'olewa lote, ilhali fremu ya alumini huweza kudumu kwa miongo kadhaa. Kinachochakaa haraka ni vifaa vidogo vilivyomo ndani yake, yaani magurudumu, mipira, brashi, komeo na silikoni. Vifaa hivyo hubadilishwa kimoja kimoja, na baadhi ya hitilafu hazihitaji kununua chochote.

Jambo la msingi ni kutambua chanzo kabla ya kulipa. Zifuatazo ni hitilafu zinazojitokeza mara nyingi na namna ya kuzishughulikia.

Dirisha zito kusukuma

Kipande cha dirisha kinachosukumwa hutembea juu ya magurudumu mawili madogo yaliyofichwa upande wa chini. Magurudumu hayo hupita juu ya reli. Mchanga na vumbi vikijaa kwenye reli husaga magurudumu na kuyafanya yaburuzike badala ya kuzunguka.

Hatua ya kwanza ni usafi. Reli ifagiliwe kwa brashi ngumu au mswaki wa zamani, ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha ikaushwe. Kupaka mafuta ya kupikia, grisi au mafuta ya injini ni kosa, kwa kuwa hunasa vumbi na kutengeneza uji mzito unaoharibu zaidi. Kilainishi kinachofaa ni cha silikoni cha kupuliza, ambacho hukauka.

Iwapo uzito unaendelea, kipande hicho hutolewa kwa kukiinua juu mpaka kiingie kwenye mfereji wa fremu ya juu, kisha sehemu ya chini huvutwa kuelekea ndani. Kazi hiyo ifanywe na watu wawili, kwa sababu kioo ni kizito kuliko kinavyoonekana: mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 6 ina uzito wa kilo 15. Gurudumu lililochakaa lipelekwe dukani kama sampuli, kwani yapo ya vipimo vingi na yanayofanana kwa macho hayaingiliani.

Magurudumu mengi yana skrubu ya kurekebisha kimo, inayofikiwa kwa bisibisi pembeni mwa kipande. Skrubu hiyo hutumika kusawazisha kipande kilichoinama, hali ambayo mara nyingi ndiyo huzuia komeo kuingia mahali pake. Vilevile inahusu usalama: nafasi ikiwa kubwa upande wa juu, mwizi aliye nje anaweza kuliinua dirisha na kulitoa hata likiwa limefungwa.

Maji ya mvua kuingia ndani

Wengi hudhani kuwa dirisha la kusukuma linapaswa kuzuia kila tone. Sivyo lilivyoundwa. Maji kidogo yanayopigwa na upepo huingia kwenye reli, kisha hutoka nje kupitia vitundu vilivyotobolewa upande wa chini wa fremu. Vitundu hivyo vikiziba, reli hujaa kama karai na maji humwagikia ndani.

Huzibwa na mchanga, lipu iliyomwagika wakati wa ujenzi, rangi na hata buibui. Wapo pia wanaoviziba kwa makusudi ili kuzuia sisimizi, bila kujua kuwa wanakaribisha mafuriko. Kipimo chake ni rahisi: kikombe cha maji humiminwa kwenye reli, na maji yanapaswa kuonekana yakitoka nje mara moja. Yasipotoka, vitundu vizibuliwe kwa waya mwembamba kutoka nje.

Ikiwa vitundu ni vizima na bado maji yanaingia, chanzo hutafutwa kwa kumwagilia kwa mpira wa bustani kutoka nje, mtu mwingine akiwa ndani anaangalia. Umwagiliaji uanzie chini na kupanda taratibu. Ukianzia juu, maji huteremka kila mahali na haitajulikana yalipopenya.

Maji yakipita kati ya fremu na ukuta, silikoni imeachia. Kupaka mpya juu ya ile ya zamani hakusaidii. Ya zamani ikatwe kwa kisu na kuondolewa yote, sehemu ifutwe na kukauka kabisa ndipo ipakwe nyingine. Silikoni yenye harufu kali ya siki haishiki vizuri kwenye saruji na inaweza kudhuru metali. Kwa alumini na ukuta huchaguliwa ile isiyo na asidi.

Ipo sababu ya kutumia silikoni badala ya saruji katika mwanya huo. Fremu ya mita 2 ikipata joto la jua lililoongezeka kwa nyuzi 40, hurefuka kwa karibu milimita 2. Saruji haivutiki, hivyo hupasuka, ilhali silikoni hufuata mwendo wa alumini. Aidha, saruji mbichi huibabua alumini, na ndiyo maana fremu hufunikwa kwa karatasi ya plastiki wakati wa kupiga lipu.

Maji yakipita ukingoni mwa kioo, mpira unaokishika umekauka au umesinyaa, aghalabu kwenye kona. Mpira huo huuzwa kwa mita. Wakati wa kuupachika usivutwe, kwani baada ya wiki chache hurudi katika urefu wake na kuacha pengo. Ukatwe ukiwa mrefu kidogo kuliko upande wenyewe, kisha usukumwe taratibu kuingia ndani.

Mlango unaoburuza chini

Mlango wa bawaba ukianza kukwaruza sakafu upande wa kitasa, skrubu za bawaba hukaguliwa kwanza. Zikiwa zimekaza, tatizo linaweza kuwa kwenye kioo chenyewe. Kioo hakikai moja kwa moja juu ya alumini. Huegemea vipande vidogo vya plastiki. Kimoja huwekwa chini upande wa bawaba na kingine juu upande wa kitasa, ili uzito wa kioo uelekee kwenye bawaba na kuunyanyua mlango. Vipande hivyo vikihama, mlango huinama. Kuukata chini ni kuficha ugonjwa. Tiba ni kutoa vishikizo vya kioo na kurudisha vipande mahali pake.

Ukungu kwenye kioo

Majengo yenye viyoyozi, hususan ofisi na hoteli, hutumia madirisha ya vioo viwili vilivyotenganishwa na hewa. Wazo hilo si jipya: Thomas Stetson wa New York alipata hataza yake mwaka 1865. Kati ya vioo hivyo kuna ufito wenye chembechembe za kunyonya unyevu, na kingo zote huzibwa ili hewa isipenye. Joto linalopita kwenye vioo viwili ni takribani nusu ya linalopita kwenye kioo kimoja.

Ukungu ukionekana, kidole ndicho kipimo cha kwanza. Ukifutika kwa kupangusa upande wa nje, hakuna kilichoharibika. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 26 hivi, na kioo cha chumba kilichopozwa sana hufikia hapo. Kupandisha kiyoyozi nyuzi chache huondoa hali hiyo.

Ukungu usiofutika upande wowote umo kati ya vioo. Maana yake mzibo wa ukingoni umeachia na chembechembe zimeshiba maji. Kutoboa kioo na kukausha ndani huleta nafuu ya muda tu, kwani chembechembe zilizochoka hazirudi katika hali yake. Hata hivyo, kinachobadilishwa ni pacha hiyo ya vioo pekee. Fremu hubaki. Vipimo vinavyohitajika ni upana, urefu na unene wa jumla: vioo viwili vya milimita 6 vyenye nafasi ya milimita 12 hufanya milimita 24.

Kabla ya kuweka vioo vipya, vitundu vya maji vikaguliwe. Mzibo wa ukingoni mara nyingi hufa kwa sababu umekaa ndani ya maji yaliyokosa njia, na vioo vipya vitakufa vivyo hivyo.

Kwa nyumba isiyo na kiyoyozi, ambayo madirisha hukaa wazi mchana kutwa, vioo viwili havina faida kubwa. Kivuli cha paa, mti au baraza hupunguza joto zaidi na kwa gharama ndogo.

Chumvi ya bahari

Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini chumvi huitoboa vidogo vidogo na kuacha unga mweupe. Hali huwa mbaya zaidi pale skrubu za chuma cha kawaida zinapogusana na alumini karibu na bahari, kwani unyevu wa chumvi huifanya alumini iliwe kuzunguka skrubu. Dawa yake ni skrubu za chuma kisichoshika kutu na kuosha fremu mara kwa mara kwa maji baridi na sabuni laini. Sabuni ya unga yenye mchanga na steelwool hukwangua ngozi ya kinga.

Usalama kwanza

Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kama kisu. Kwa sababu hiyo mlango wa kioo na dirisha linalofika karibu na sakafu, hasa nyumba yenye watoto, vinastahili kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho husambaratika kuwa punje ndogo, au kile cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki, ambacho hupasuka bila kudondoka. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi baada ya kutoka kiwandani, hivyo fundi anayekikata mezani anauza kioo cha kawaida.

Matengenezo pia ni nafasi ya kuangalia nondo. Dirisha likiteleza vizuri lakini nondo zikiwa zimechomelewa bila mlango, chumba hakina njia ya kutokea moto unapozuka. Inafaa angalau dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo ukae mahali panapojulikana na wote. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kabla ya kumlipa fundi

Mwenye nyumba anapaswa kuoneshwa kifaa kilichoharibika, kuandikiwa gharama ya kila kifaa na ya ufundi kando, na kuachiwa vifaa vya zamani kazi ikiisha. Malipo ya mwisho yafuate jaribio: dirisha lisukumwe kwa kidole kimoja, komeo lifungwe bila kunyanyua, na kikombe cha maji kimiminwe kwenye reli. Ukaguzi huo ukifanyika mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli mwezi Oktoba na kabla ya masika mwezi Machi, hitilafu nyingi hukamatwa zingali za brashi na kitambaa.