Jiko la gesi lisipowaka: Tafuta kasoro kabla ya kurudia kiberiti

NI alfajiri, chai ya watoto wa shule haijatengwa, na mama anazungusha swichi ya jiko la gesi mara ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Cheche zinasikika lakini moto hauonekani. Katika haraka hiyo wengi huendelea kujaribu, ama hutafuta kiberiti huku gesi ikiwa imekwisha kufunguliwa. Hapo ndipo hitilafu ndogo ya jikoni inapoweza kuunguza mtu na nyumba.

Gesi itumikayo majumbani ni mchanganyiko wa propeni na buteni ulioshindiliwa ndani ya mtungi hadi ukawa kimiminika. Ikishatoka huwa nzito kuliko hewa, hivyo haipandi juu kama moshi bali hutuama sakafuni na chini ya makabati. Ikifikia takriban asilimia 2 tu ya hewa iliyopo, cheche moja yatosha kuilipua. Kwa asili gesi hiyo haina harufu kali. Harufu tunayoisikia hutiwa kwa makusudi ili ivujapo ijulikane.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kunusa. Iwapo kuna harufu, funga mtungi, zima moto wowote ulio karibu, fungua milango na madirisha, wala usiwashe au kuzima taa ya umeme. Toka nje pamoja na wote waliomo. Harufu isipoisha, piga simu ukiwa nje. Kwa Tanzania, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Iwapo hakuna harufu, kasoro itafutwe kwa mpangilio, kuanzia kwenye mtungi hadi kwenye moto wenyewe.

Gesi haifiki kabisa
Ukifungua swichi na usisikie mvumo wala harufu katika mafiga yote, gesi haifiki jikoni. Hakikisha mtungi umefunguliwa, regulata imekaa sawasawa na mpira haujakunjika wala kubanwa na jiko. Kisha chunguza kama gesi imekwisha. Kuutikisa mtungi si kipimo cha kuaminika. Njia bora ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ikiwa umeandikwa kilo 15 na mizani inaonyesha kilo 15 na nusu, gesi iliyobaki ni nusu kilo tu. Usiulaze mtungi ili kukamua mabaki, kwa kuwa kimiminika kinaweza kuingia kwenye regulata na kutoa moto mkubwa wa ghafla.

Figa moja tu halifanyi kazi
Mafiga mengine yakiwaka, mtungi na regulata havina kosa. Subiri jiko lipoe, inua kifuniko cha figa hilo na uangalie matundu yake. Mara nyingi huzibwa na uji au maziwa yaliyofurika, mafuta, na hata wadudu ikiwa jiko halikutumika kwa muda mrefu. Osha kwa maji ya sabuni, zibua matundu kwa sindano na ukaushe kabisa. Usitumie kijiti cha meno, kwani huvunjika na kubaki ndani. Rudisha kifuniko kikae sawa, maana kikikaa upande gesi hupotea njia.

Gesi inatoka, cheche hakuna
Majiko mengine hutoa cheche kwa betri, mengine kwa umeme wa ukutani, na mengine kwa kubonyezwa tu. Badilisha betri, angalia plagi, kisha futa maji na mafuta kwenye ncha inayotoa cheche. Wakati ukisubiri matengenezo waweza kutumia kiberiti, mradi njiti iwashwe kwanza na kusogezwa kwenye figa, ndipo gesi ifunguliwe. Isiposhika ndani ya sekunde tano, funga na usubiri dakika kadhaa huku madirisha yakiwa wazi. Kurudia papo hapo ni kuongeza gesi juu ya gesi.

Moto unawaka kisha unazimika
Baadhi ya majiko yana kijiti kidogo cha chuma kando ya figa kinachohisi joto. Kikipata moto huzalisha umeme mdogo unaoizuia njia ya gesi isijifunge. Moto ukizimwa na upepo, kijiti hupoa na gesi hukatika. Kwa hiyo swichi ya jiko la namna hiyo hubonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde 10 hivi baada ya moto kuwaka. Ukiiachia na moto ukazimika, kijiti huenda kina uchafu au kimekufa. Kifute jiko likiwa baridi. Isipotosha, fundi akibadilishe. Fundi atakayependekeza kukiondoa ili jiko liwake bila hicho akataliwe, kwani kazi yake ni kulinda maisha ya waliomo ndani.

Kabla ya kurudia matumizi
Kila mara unapounganisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regulata na mpira. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti. Mpira uliopasuka au kukakamaa ubadilishwe, usifungwe kwa gundi ya karatasi.

Aidha, tazama rangi ya moto. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi chini ya sufuria, gesi haipati hewa ya kutosha na inaweza kutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Zima jiko, fungua madirisha na umwite fundi mwenye ujuzi wa gesi. Chai ya asubuhi hiyo na ichemshwe kwa njia nyingine.