Kibosho na Mtu wa Tatu

Februari 1891, kikosi cha Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann kilipanda Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kwenda kuivunja ngome ya mtawala wake, Mangi Sina, ngome ya kuta za mawe iliyowanyima majirani usingizi. Kitabu cha shule kinaweza kuimaliza siku hiyo kwa sentensi moja: mkoloni alimshinda mtawala Mwafrika. Ni kweli. Ila sentensi hiyo haisemi kwa nini bunduki zilielekezwa Kibosho kabla ya kwingine. Nyuma ya safari ile alikuwapo Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Yeye na Sina walikuwa mahasimu wa siku nyingi, na Rindi alipoona mikuki yake haimfikishi popote, alifanya urafiki na mtu wa tatu mwenye mizinga.

Rindi hakuishi kufaidi ushindi huo. Alifariki mwaka uleule. Machi 2, 1900, Wajerumani waliwanyonga watu kumi na tisa Old Moshi. Miongoni mwao alikuwamo Meli, mtoto wa Rindi. Alikuwamo pia Molelia wa Kibosho, mtoto wa Sina, na Ngalami wa Siha. Safari hii aliyekuwa na sikio la Wajerumani ni Marealle wa Marangu, na madai ya njama yaliyowafikisha wenzake kitanzini yalimwacha yeye akiwa mkubwa kuliko wote. Watoto wa mahasimu wawili walikufa siku moja, kwa mkono wa yule aliyeitwa na baba wa mmoja wao.

Mtu wa tatu huyo alikuja kupata mchunguzi wake mbali kabisa na Kilimanjaro. Kati ya 1954 na 1959, huko Bethesda, Maryland, daktari wa akili Murray Bowen aliwalaza wodini wagonjwa wa skizofrenia pamoja na familia zao, akakaa kuwatazama. Alichokiona kilimwondoa kwenye mazoea ya udaktari wake. Ugonjwa aliokuwa akiutafuta ndani ya kichwa cha kijana mmoja ulikuwa pia kwenye namna baba, mama na kijana walivyosogeleana na kukimbiana. Watu wawili wakizidiwa na wasiwasi, alisema Bowen, hawabaki wawili. Humvuta wa tatu: wa kumshtakia, wa kumlaumu, au wa kumfanya mgonjwa. Aliziita pembetatu, na kabla ya muda mrefu akaziona hata baina ya madaktari na wauguzi waliokuwa wakizichunguza. Kitabu chake cha 1978 kina sura inayohusu uongozi wa ofisi. Mwaka 1985 Edwin Friedman, rabi wa Kiyahudi, aliyapeleka mawazo hayo kwenye sinagogi na makanisa, na kutoka hapo yakasambaa kwenye kampuni na mashirika. Leo washauri wa uongozi wanalipwa fedha nzuri kuwaeleza mabosi kwamba kazini nako kuna kaka mkubwa, kitinda mimba na shangazi mwenye kinyongo.

Kibosho jambo hili lisingehitaji mshauri. Kwa desturi ya Wachagga, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, na wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi pamoja na kihamba kinachoizunguka, kwa kuwa ndiye atakayewatunza na kuwazika. Wa katikati hujitafutia. Zamani, pori likiwapo, haikuwa shida kubwa: alipanda juu au akateremka, akafyeka. Sally Falk Moore, mwanasheria na mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeanza utafiti wake mlimani mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, aliwakuta watoto hawa wa kati wakiwa wamebanwa. Watu walikuwa wameongezeka, na kahawa ilikuwa imekifanya kila kipande cha kihamba kuwa mali. Bowen naye aliipa nafasi ya kuzaliwa uzito katika nadharia yake. Tofauti ni kwamba kwake ilikuwa suala la tabia. Huku ilikuwa pia suala la ekari.

Taasisi za mlimani zilijengwa na watu waliokulia katika mpangilio huo. Mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia unaotoka juu mtoni, kwa kawaida ulikuwa mali ya ukoo ulioufungua. Wengine walipata maji kwa zamu, chini ya msimamizi, meni mfongo. Siku ya kuzibua mfereji aliyekosa alitozwa, na deni lake lilijulikana hadi jikoni kwa mkwewe. Hiyo ndiyo ilikuwa idara ya maji, na haikuwahi kutenganishwa na ndoa, misiba na ugomvi wa mipaka.

Kwa hiyo kahawa ilipohitaji chama, haikuwa rahisi kuanza na karatasi nyeupe. Chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, walowezi wakiwa hawataki kabisa kumwona Mchagga akilima zao moja na wao. Rais wake alikuwa Joseph Merinyo wa Old Moshi. Aliyekisaidia kusimama ni Charles Dundas, bwana shauri Mwingereza ambaye Merinyo aliwahi kuwa mkalimani wake. Mtu aliyeonekana kuwalinda wakulima dhidi ya walowezi alikuwa mtumishi wa serikali ileile iliyowapa walowezi ardhi, na alipohamishwa chama kilibaki bila kinga. Wamangi nao waliona kitu kipya kikikua pembeni yao: viongozi wenye wanachama kila mahali mlimani, ambao hawakupitia kwao. Malumbano ya chama, wamangi na ofisi ya wilaya yaliendelea hadi serikali ikakifuta na kukisajili upya kwa sura nyingine. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wenyeji wa Kilimanjaro, chini ya sheria ya ushirika ya 1932, ikiwa na vyama vya msingi katika maeneo ya wamangi na meneja Mwingereza, A.L.B. Bennett.

Hapa ndipo pembetatu ilipokamilika hasa. Mkulima alitakiwa kuuza kahawa yake kupitia chama, na amri hiyo ilibebwa na mangi. Bei ziliposhuka, mkulima hakuwa na njia ya kugombana na soko la London, wala na Bennett ambaye hakukaa naye kijijini. Aliyekuwa karibu ni mangi na ghala. Mwaka 1937 maghala ya kahawa yalivamiwa sehemu kadhaa za mlima na serikali ikalazimika kutumia nguvu. Ripoti za wakati ule zilitafuta wachochezi, kama ripoti zifanyavyo. Bowen angeuliza swali jingine: hasira iliyokuwa baina ya nani na nani ilitua kwa nani?

Nisimpe Mmarekani huyo zaidi ya anachostahili. Hana la kutueleza kuhusu bei ya kahawa duniani, na mwaka 1989, mfumo wa mgawo wa mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika, hakuna ukoo wa Kibosho ambao ungeweza kukaa kikao ukairudisha bei. Lakini chama kina maisha yake ndani ya bei hiyo, na humo ndani nadharia inaona mbali.

Chukua mwaka 1976. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, KNCU ikiwa kati ya vile vilivyokuwa na nguvu kuliko vyote. Kijiji kikahesabiwa kuwa ndicho ushirika, na kahawa ikakabidhiwa mamlaka ya serikali. Viongozi walitaja ubadhirifu na siasa ndani ya vyama, na ubadhirifu haukuwa wa kutunga. Hata hivyo walichofanya ni kile ambacho Bowen alikiita kukata uhusiano: wasiwasi unaonekana kuisha kwa sababu watu hawakutani tena. Vyama viliporudi mwaka 1984, kilichorudi ni jina na majengo. Wakulima walikuwa wamejifunza kwamba chama ni kitu cha serikali, hupewa na hunyang'anywa, na mtu hasikii uchungu kumwibia mgeni.

Miaka ya 2000 baadhi ya vyama vya msingi viliamua kupeleka kahawa yao sokoni bila kupitia KNCU, vikajiita G32, kwa idadi yao. Kwa wengi ulikuwa usaliti. Mimi nauona kama mtoto wa katikati aliyeamua kufyeka pori lake. Bowen alitofautisha mtu anayeondoka kwa hasira na anayejisimamia huku akiendelea kuhudhuria misiba ya kwao, na G32 ilikuwa na sehemu ya yote mawili.

Mlima wenyewe una desturi inayojua tofauti hiyo. Sale, mmea wa majani marefu unaopandwa kuwa mpaka wa vihamba, ndio huohuo unaotumwa kuomba msamaha, na aliyeletewa ni vigumu mno kukataa. Anayelipeleka jani hilo ni mtu wa tatu pia. Hawezi kuwa Rindi wala Marealle, kwa sababu hatakiwi kupata chochote katika ugomvi. Kazi yake ni kuingia nyumba zote mbili na kutoka bila upande. Ushirika wa kahawa haukupata mtu wa namna hiyo kwenye muundo wake. Wakaguzi ulikuwa nao, wakuu wa wilaya pia, na kila mmoja alifika akiwa na aliyemtuma.

Wakati huohuo familia zenyewe zimekuwa ofisi. Desemba, magari kutoka Dar es Salaam na Arusha yakishapanda Kibosho, koo nyingi hukutana kihambani zikiwa na katiba, mwenyekiti, mweka hazina na akaunti ya benki. Ajenda husomwa, ada hudaiwa, kumbukumbu za kikao kilichopita huthibitishwa kabla mbege haijazunguka. Mtoto wa kati aliyekosa kihamba, akaenda mjini akatajirika, mara nyingi ndiye mfadhili mkubwa, na kaka yake wa kwanza bado ndiye anayefungua kikao. Nani kati yao aamue kuhusu kipande cha ardhi cha marehemu mjomba, katiba kwa kawaida haisemi.