Fundi Akiondoka, Mashine Zinabaki na Nani?

Ndugu zetu, hospitali ya Kuluva sote tunaijua. Lakini wachache tunajua kwamba Oktoba 1961 daktari wa hapa, Ted Williams, alipanda gari pamoja na Denis Burkitt wa Kampala na mwenzao Cliff Nelson. Wiki kumi njiani, karibu kilomita 16,000, hospitali 57. Kila walipofika waliuliza swali lile lile: mmeona watoto wenye uvimbe huu wa taya? Kwa sababu swali halikubadilika, majibu yote yaliingia kwenye ramani moja, na ramani ikaonyesha kwamba saratani ile inafuata maeneo ya joto na mvua nyingi.

Kufanya kazi moja, kwa namna ile ile, sehemu nyingi: hiyo ndiyo shida ambayo watu wa kompyuta nao wamehangaika nayo miaka mingi. Na sisi tunaoishi kwa miradi inayokuja na kuondoka, inatuhusu sana.

Chukua mfano. Mradi unaleta visanduku 40 vidogo vya kompyuta kwa shule za makazi ya wakimbizi. Havina kioo wala kibodi, vinakula umeme kidogo wa sola, na ndani yake vinatumia Linux. Ukiviandaa kimoja kimoja, kila kimoja saa moja, ni wiki nzima ya kazi. Halafu ukifika cha kumi na tano umechoka, unasahau kitu. Mwishoni una visanduku 40 na kila kimoja kina tabia yake. Kikiharibika, hakuna anayejua kiliwekwaje.

Dawa yake ilianza zamani. Mwaka 1993 Mark Burgess, huko Oslo, alitengeneza programu inaitwa Cfengine. Wazo lake ni hili: usiiambie mashine hatua za kufuata tu, iandikie hali unayotaka iwe nayo. Mashine inajiangalia, kilichopungua inaongeza, kilicho sawa inaacha. Hata ukirudia mara kumi haidhuru. Mwaka 1999 Thomas Lange wa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, akaleta FAI. Hapo kompyuta tupu inawashwa, inauliza kwenye mtandao, inapewa Linux pamoja na majibu yote ya maswali ambayo fundi angeyajibu kwa mkono: lugha, nywila, programu gani ziwekwe. Mwaka 2012 ikaja Ansible, ambayo maagizo yake yako kwenye faili la maandishi tu, hata mtu anayeanza anaweza kulisoma.

Kwetu Afrika Mashariki mashine kama hizi zina historia yake. Mwaka 2005 kampuni isiyo ya faida ya Inveneo, pamoja na ActionAid, iliweka kompyuta za Linux za umeme mdogo vijijini Bukuuku, karibu na Fort Portal. Mwaka 2007 mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu la Gulu ukapeleka mashine za Inveneo kwenye kambi za waliohamishwa na vita vya kaskazini. Yaani majirani zetu Waacholi walizitumia wakiwa kambini, kama sisi. Rwanda nayo, kuanzia 2008, ikapokea laptopu ndogo za OLPC, zaidi ya laki moja. Wahandisi wa OLPC walibuni njia ya laptopu moja kurusha Linux hewani, na nyingine nyingi kuipokea kwa pamoja, kama redio.

Mwaka 2012 Raspberry Pi ikatoka, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki. Sasa unaandaa kadi moja ya memori vizuri, unainakili kwenye zingine zote. Internet-in-a-Box, maktaba isiyohitaji bando, inawekwa kwa maagizo ya Ansible ambayo yeyote anaweza kuyachukua bure.

Tuseme ukweli, njia hii ina hatari yake. Kosa la mkono linaharibu mashine moja. Kosa la faili linaharibu zote 40 kwa dakika chache. Nywila moja ikiwekwa kote, mwizi akiijua ameingia kote. Umeme ukikatika katikati ya kuandika kadi, mashine haiwaki tena. Ndiyo maana mafundi wazuri hujaribu kwenye mashine moja kwanza, na huacha nakala ya zamani pembeni ili mashine irudi kwayo.

Lakini hatari kubwa zaidi ni maagizo kukaa kwenye laptopu ya fundi mgeni. Mkataba wake ukiisha anapanda gari, anaondoka nayo. Sisi tunabaki na visanduku, na siku ya kadi kufa vinageuka mapambo juu ya kabati.

Kwa hiyo mradi ukija Imvepi, Rhino Camp au Lobule, tusishangilie visanduku tu. Tuulize: faili la maagizo liko wapi? Nani wa hapa amelisoma? Tumpe kadi tupu leo, tena mbele yetu, tuone kama kesho mashine itawaka bila nyinyi kuwepo. Wakijibu vizuri, hapo ndipo mashine imekuwa yetu.