Jina la Afrika Lilipofikishwa Mahakamani

Mtandaoni kila anwani ina mkia. Sisi Tanzania tumezoea dot tz, majirani zetu Kenya wana dot ke, na dunia nzima ina dot com. Mikia hii hatuiangalii mara mbili. Ni kama jina la ukoo: lipo tu, hakuna anayeuliza nani aliliandikisha. Lakini mkia mmoja, dot africa, uligombewa kwa miaka. Ugomvi ulipita Addis Ababa, Beijing na Los Angeles, na hukumu ya mwisho ilitoka wakati mkia wenyewe umeshaanza kutumika zamani. Ukiisoma habari hii haraka utadhani ni mambo ya kompyuta. Mimi naona ni habari ya nani ana haki ya kusema kwa niaba ya Afrika.

Tuanze na mwenye daftari. Intaneti nzima inategemea orodha moja ya mikia yote, ambayo mafundi wanaiita mzizi. Mkia usiokuwemo humo ni kama haupo. Orodha hiyo inasimamiwa na ICANN, shirika lisilo la faida lililoundwa California mwaka 1998, na hadi mwaka 2016 lilifanya kazi hiyo kwa mkataba na serikali ya Marekani. Anayekabidhiwa mkia anakuwa mwendesha sajili: kila atakayetaka jina chini yake atalipia, na sehemu ya ada hiyo itamfikia yeye. Kwa hiyo ni biashara, tena biashara yenye mamlaka ndani yake.

Sophia Bekele, mfanyabiashara mzaliwa wa Ethiopia aliyewahi kuwa mjumbe wa baraza la ICANN la sera za majina, aliiona nafasi hiyo mapema. Taasisi yake, DotConnectAfrica, ilisajiliwa Mauritius na ikawa na ofisi Nairobi. Mwaka 2009 alipata barua ya kuungwa mkono kutoka kwa Jean Ping, aliyekuwa Mwenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika. Ungedhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Aprili 2010 Tume ikaandika tena, safari hii ikisema haitaunga mkono juhudi za mtu mmoja mmoja, bali itafuata utaratibu wa wazi. Zabuni ikatangazwa, na ikaangukia kwa UniForum ya Afrika Kusini, waendeshaji wa co.za, ambao baadaye walijulikana kama ZACR.

Sasa jiweke upande wa Bekele. Umelibeba wazo miaka mingi, umeshika barua yenye saini, halafu unaambiwa barua ile haihesabiki tena. Halafu jiweke upande wa Umoja wa Afrika. Jina la bara zima utampaje mtu binafsi bila kushindanisha? Kila upande ulikuwa na hoja, na ndiyo maana ugomvi huu haukuisha kirahisi.

Mwaka 2012 ICANN ilifungua dirisha la kuomba mikia mipya. Ada ilikuwa dola 185,000 kwa ombi moja, iwe umeshinda au umeshindwa. Wote wawili wakaomba. Kanuni ilidai kwamba jina la eneo kama Afrika liungwe mkono na angalau asilimia 60 ya serikali za eneo hilo. ZACR walikuwa na Umoja wa Afrika nyuma yao. DotConnectAfrica walishikilia barua zao za zamani.

Aprili 2013, kwenye mkutano wa Beijing, kamati ya serikali inayoishauri ICANN ikatoa ushauri wa pamoja kwamba ombi la DotConnectAfrica lisiendelee. Kumbuka kwamba Tume ya Umoja wa Afrika yenyewe ilikuwa mwanachama wa kamati hiyo. Yaani aliyempendekeza mshindani mmoja alikuwa amekaa kwenye meza iliyomkataa mwingine. Mwezi Juni ICANN ikaukubali ushauri, na ombi likasimamishwa kabla tathmini yake haijakamilika.

Bekele hakukubali. Alikwenda kwenye jopo huru la mapitio, chombo ambacho kanuni za ICANN zenyewe zinakiruhusu. ICANN nayo ikasaini mkataba na ZACR Machi 2014, kesi ikiwa bado mezani. Jopo likaiamuru isimamishe hatua. ICANN ikadai uamuzi wa jopo ni ushauri tu, jopo likajibu kuwa unaifunga. Mwenyekiti wa ile kamati ya serikali alipohojiwa, ilidhihirika kwamba ushauri wa Beijing ulitolewa bila kueleza sababu. Julai 2015 jopo likaamua: bodi ya ICANN ilikwenda kinyume na katiba na kanuni zake yenyewe. Ilipaswa kuuliza kabla ya kukubali.

Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini usome vizuri: jopo halikumpa Bekele dot africa. Lilimrudishia foleni yake tu. Na aliporudi kwenye foleni, alikuta swali lilelile linamsubiri: serikali zinazokuunga mkono ziko wapi? Watathmini waliona barua zake hazitoshi, na mapema mwaka 2016 ombi likakwama kabisa.

Basi akafungua kesi mahakamani Los Angeles. Jaji wa shirikisho akazuia mkia usikabidhiwe, kesi ikahamishiwa mahakama ya jimbo, zuio halikuendelea, na Februari 2017 dot africa ikaingia kwenye mzizi mikononi mwa ZACR. Mwaka 2019 mahakama ikamaliza kwa hoja ya ajabu kidogo. Mbele ya jopo, DotConnectAfrica walikuwa wamesema uamuzi wa jopo lazima uifunge ICANN, kwa sababu waombaji walishatia saini kwamba hawatakwenda mahakamani. Hoja ile iliwashindia. Sasa wamekuja mahakamani. Huwezi kula huku na huku, mahakama ikasema kwa lugha yake ya kisheria. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo.

Wapo wanaomwona Bekele kuwa king'ang'anizi, na wapo wanaomwona shujaa. Mimi nashikilia kitu kimoja. Bila ukaidi wake, hakuna ambaye angeiuliza ICANN kwa nini ilimkataa mtu bila kumwambia sababu. Hilo ni deni tunalodaiwa sote, hata wale tuliofurahi Umoja wa Afrika uliposhinda.

Lakini kuna jambo linanikera zaidi. Jina la Afrika liligombewa na Waafrika, na kila mlango waliobisha ulikuwa wa California, au wa chombo kilichozaliwa na kanuni za California. Addis Ababa iliweza kupendekeza tu. Kukabidhi, kuzuia na kuhukumu kulifanyika kwingine. Mwenye daftari ndiye aliyeamua, nasi tuliokuwa tukigombea jina hatukupata muda wa kugombea daftari.