Kiingereza cha Bunia na Stajiere wa Mtandaoni

Kutoka Bunia hadi Ziwa Albert ni kilomita zipatazo 30 kwa mstari ulionyooka, na ng'ambo ya ziwa ni Uganda, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya darasani, ya mahakama na ya ofisi. Kinshasa, inakotoka mitaala na mihuri ya serikali, iko mbali kwa zaidi ya kilomita 1,700 hata kwa ndege. Ukiitazama ramani hiyo utadhani mji mkuu wa Ituri umezoea Kiingereza tangu zamani. Haikuwa hivyo. Mwanafunzi wa Bunia hukutana nacho kama somo la sekondari, sawa na mwenzake wa Kinshasa, kisha hufika chuo kikuu akiwa na sarufi daftarini na ulimi usiozoea kukisema. Ndiyo maana utaratibu mpya wa staji za mtandaoni una mvuto mkubwa kwa mji kama huu: mwanafunzi wa chuo cha ng'ambo, yaani stajiere, anafanya mafunzo yake kwa vitendo mbele ya kompyuta, anazungumza Kiingereza na wanafunzi walio mbali naye, na saa hizo zinahesabiwa katika masomo yake. Wapo wanaouona kama jambo lililozaliwa na intaneti. Naona ni sura ya karibuni tu ya historia ndefu, na historia hiyo inasema jambo moja waziwazi. Kiingereza kimepita Bunia mara nyingi pamoja na watu waliokuja wakaondoka, na kilibaki pale tu mtu wa Ituri alipokishika kama kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo stajiere wa mtandaoni atafaa kwa kadiri atakavyowekwa chini ya mwalimu wa Bunia.

Wazungumzaji wa Kiingereza hawajapata kuwa wageni wapya Ituri. Mpelelezi Stanley alivuka msitu wake kati ya 1887 na 1889 akimtafuta Emin Pasha. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, waliikuta dhahabu ya Kilo, na migodi iliyofuata ndiyo iliyoujenga uchumi wa eneo zima. Lakini migodini amri zilitoka kwa Kifaransa na kazi ikaenda kwa Kiswahili upande wa Kilo, kwa Kibangala upande wa migodi ya Moto. Kiingereza cha waliogundua hakikuacha kitu. Kusini, huko Boga, Apolo Kivebulaya alifika kutoka Uganda mwaka 1896 akafundisha watu kusoma, na Kanisa la Anglikana la Kongo humhesabu kuwa baba yake. Lilikuwa kanisa lenye asili ya Uingereza, lakini aliyelileta alikuwa Muganda, na waumini walisoma kwa lugha za Waafrika. Kisha mwaka 1912 wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia kupitia Mahagi, wakaanzia Kasengu, na kwa miaka mingi wakajenga vituo, shule na zahanati hadi nyanda za juu za Djugu.

Hapo kuna ushahidi ambao wanaoamini kwamba kusikia tu kunatosha wanapaswa kuupima. Wamisionari hao, wengi wao Wamarekani, waliishi Ituri kwa vizazi. Walizungumza Kiingereza mezani, redioni, na katika shule ya bweni ya watoto wao huko Rethy. Nje ya uzio huo, Mkongo alifundishwa kwa Kiswahili au Kibangala, na baadaye kwa Kifaransa. Sababu ilikuwa ya kiserikali pia, kwa kuwa kwa muda mrefu Wabelgiji walitoa ruzuku ya elimu kwa misheni za Kikatoliki pekee, na Waprotestanti walipofunguliwa mlango baada ya Vita vya Pili vya Dunia, iliwalazimu kufuata mtaala wa koloni. Mmarekani aliyetaka kufundisha katika shule yenye ruzuku ilimbidi kwanza apitie Ubelgiji akajifunze Kifaransa. Kwa hiyo mpishi, muuguzi na katekista walikuwa jirani wa Kiingereza miaka nenda rudi bila kukipata. Lugha haiambukizi. Inafundishwa na mtu aliyepewa kazi ya kuifundisha, kwa saa zinazojulikana, kwa wanafunzi wenye haki ya kuuliza.

Mpaka wa Uganda ulifanya kazi tofauti. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, wakimbizi wengi wa West Nile walivuka kuingia Aru na maeneo ya jirani. Miaka ya vita vya Ituri watu walivuka kwa upande mwingine, wakaishi katika makazi kama Kyangwali, na watoto wao wakaingia shule za Uganda. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Djugu walivuka tena ziwa kwa mitumbwi, wengi wakifikia pwani ya Hoima. Juu ya hao waongeze wafanyabiashara wanaopita Mahagi na Kasenyi kwenda Kampala kununua vitambaa, vipuri na simu. Kiingereza kinachosikika madukani Bunia, pale kinaposikika, mara nyingi kina lafudhi ya Kampala. Hili lina maana kubwa kuliko inayopewa, kwa sababu Kiingereza pekee kilichomfikia mtu wa kawaida wa Ituri kililetwa na jirani Mwafrika, naye alikipata kwa shida ya maisha.

Halafu ukaja mwaka 2003. Jeshi la Uganda liliondoka Bunia mwezi Mei, mji ukaingia katika mapigano makali, na mwezi Juni kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kikatumwa. Kilipoondoka Septemba, ulinzi ulibaki kwa askari wa Umoja wa Mataifa, wakiwemo wa Bangladesh, Pakistani na Nepali, ambao hawakujua Kifaransa wala Kiswahili. Ghafla kijana mwenye Kiingereza alikuwa na mshahara, awe mkalimani wa doria au karani wa shirika la misaada. Kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi lenye silaha la Ituri, huko The Hague, iliyotolewa hukumu tarehe 14 Machi 2012, ilizidi kuonyesha thamani ya kazi hiyo: mashahidi walieleza ya Ituri kwa Kiswahili, na majaji wakayasikia kwa Kiingereza na Kifaransa. Madarasa ya Kiingereza ya jioni yaliyolenga kazi za namna hiyo yana mantiki yake, lakini yanategemea mwajiri ambaye siku moja atafunga ofisi. Aliyejifunza ili azungumze na kanali wa Bangladesh anabaki na nini kanali akishapanda ndege?

Jibu lilikuwa vyuoni, na hapa ndipo historia inapobadilika. Chuo Kikuu cha Shalom cha Bunia kilianza mwaka 1961 kama shule ya teolojia ya makanisa ya kiinjili, kikajulikana kwa miaka mingi kwa jina la ISTB, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu. Mwaka huohuo, kusini yake, Beni ilipata chuo kikuu cha Kikristo cha lugha mbili, UCBC, kilichoweka Kiingereza na Kifaransa pamoja tangu mwanzo. Na katika taasisi za juu za ualimu, zile ISP ambazo Bunia nayo ina ya kwake, walimu wa Kiingereza wa sekondari huandaliwa na Wakongo wenzao. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huko haachiwi kwenda bila staji. Anapangiwa shule mjini, anaandika maandalizi ya kila somo, anasimama mbele ya darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati, na mwalimu mwenyeji anakaa nyuma akiandika makosa yake. Asipokuwa na maandalizi yaliyopitiwa, haingii darasani. Huu ni utamaduni wa kazi wenye nidhamu, na ni wa hapa. Kila anayetaka kuleta stajiere wa kigeni Bunia aanze kwa kuujua.

Huko nje utaratibu wa mtandaoni una umri wa miaka ishirini na kitu. Umoja wa Mataifa ulianza huduma ya kujitolea kwa intaneti mwaka 2000. Mwaka 2006 chuo kikuu cha jimbo la New York kilianzisha kituo cha masomo ya pamoja kati ya madarasa ya nchi mbalimbali. Mwaka 2010 Wajesuiti walianza kufundisha wakimbizi wa Kakuma, Kenya, na wa Dzaleka, Malawi, ambako Wakongo ni wengi, wakitumia wahadhiri walioketi mbali kabisa na kambi. Kilichokuja baadaye kilitokana na magonjwa na bei. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 ziliishusha gharama ya intaneti Afrika Mashariki. Mwaka 2018 Ebola iliingia Kivu Kaskazini na Ituri, na tangazo la kuisha kwake lilitolewa Juni 2020, wakati vyuo vya Kongo vilikuwa tayari vimefungwa tangu Machi kwa ajili ya Korona. Vyuo vya dunia nzima vilivyonyimwa safari vikahamishia staji kwenye skrini. Kwa Bunia, ambako serikali za Magharibi huwaonya raia wao wasiende, na ambako hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa Mei 2021, skrini ndiyo njia pekee ya mwanafunzi wa Ohio au Leeds kufika.

Mapingamizi yapo, na yana uzito. La kwanza ni umeme na mega, yaani data ya intaneti. Bwawa la Budana lilijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi, bila kuuwazia mji wenye vyuo vikuu. Mkutano wa video wa saa nzima hula mega ambazo mwanafunzi angezitumia wiki nzima. Hili halikanushiki, ila linaelekeza namna ya kupanga: kikundi kidogo kwenye simu moja, sauti bila picha, ujumbe wa sauti unaosikilizwa mtandao unapopatikana. Saa moja jioni Bunia ni saa saba mchana New York wakati wa kiangazi, muda ambao wote wawili wanaweza kuuheshimu. La pili ni zito zaidi: je, huu si ukoloni uleule, kijana wa kigeni asiye na cheti akifanywa mwalimu wa watu wazima kwa sababu tu amezaliwa na lugha? Ndiyo, unaweza kuwa hivyo. Utakuwa hivyo kila mara chuo cha Bunia kinapopokea stajiere kama msaada, bila kumpangia kazi. Pia kuna wanaosema fedha na muda viende kwa walimu wa hapa na vitabu. Nakubaliana nao juu ya lengo, ndiyo maana nasema stajiere awe chombo mkononi mwa mwalimu huyohuyo.

Chukua kosa moja dogo. Mwanafunzi wa Bunia akitaja umri wake kwa Kiingereza, husema kwamba "ana" miaka ishirini, kwa kuwa Kifaransa na Kiswahili zinamwelekeza huko zote mbili, hali Kiingereza humtaka "awe" wa miaka ishirini. Stajiere wa Ohio anasikia kosa, anatabasamu, anasahihisha, wiki ijayo linarudi. Mwalimu wa Bunia analijua kosa hilo kabla halijatamkwa, maana alilifanya mwenyewe akiwa kijana, na anaweza kupanga mazungumzo ya wiki mbili yanayolizunguka mpaka ulimi ulizoee jipya. Anachokosa huyo mwalimu ni saa: akiwa na wanafunzi 80 darasani, kila mmoja angepata chini ya dakika moja ya kuongea. Stajiere wanne, kila mmoja na kikundi cha watu watano, wangewapa wanafunzi ishirini nafasi ya kuzungumza kila wiki, na vikundi vikapokezana. Huo ndio mchango halisi wa staji ya mtandaoni, kuongeza masikio na dakika. Maarifa ya nini kifundishwe, na kwa mpangilio gani, yanabaki kwa mwenye darasa.

Na ikiwa ni masikio na dakika tunavyotafuta, hakuna sababu ya kuvitafuta Marekani peke yake. Kampala iko mbele ya Bunia kwa saa moja tu. Mwanafunzi wa Makerere au wa Gulu anayesomea ualimu anahitaji staji kama mwenzake wa Ohio, naye anajua ni nini kusomea lugha isiyo ya mama. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na Kiingereza ndiyo lugha rasmi iliyoandikwa katika mkataba wa Jumuiya hiyo, ingawa wakuu wa nchi walikubali mwaka 2021 kuongeza Kifaransa na Kiswahili. Mhitimu wa Bunia atakayefanya kazi Arusha au Kampala atahitaji zaidi Kiingereza cha vikao vya huko kuliko lafudhi ya mtu yeyote wa ng'ambo ya bahari, na mwenzake wa Uganda angejifunzia kwake Kifaransa, lugha anayoikosa.

Hivyo makubaliano kati ya chuo cha Bunia na chuo chochote cha nje yasomwe kwa makini kuanzia ukurasa unaohusu usimamizi. Yataje mwalimu gani wa Bunia anapitia maandalizi ya stajiere kabla ya kila kikao, kama ISP inavyofanya na wanafunzi wake. Yataje saa za mwalimu huyo na malipo yake, pamoja na mega zake, kwa sababu usimamizi bila malipo huishia kuwa saini tupu. Na yampe, kwa maandishi, uwezo wa kumwandikia stajiere alama ya chini, alama ambayo chuo cha huko kitalazimika kuipokea.