Magendo

Anayetoka Kampala kwenda Kenya kwa Barabara ya Jinja hupita Nakawa, na miaka ya 1970 njia hiyo iliyajua magendo vizuri. Kamusi husema ni biashara ya kukwepa sheria na ushuru. Uganda neno lilinenepa, likawa namna ya kuishi. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, sukari, chumvi na sabuni ziliadimika. Mshahara haukufika mwisho wa mwezi. Kahawa ikavushwa Kenya kupitia Chepkube mpakani, na waliotajirika wakaitwa mafuta mingi (sarufi ya Kampala hiyo, si ya Unguja). Wamarekani wanaojiandaa kwa maangamizi hujikinga na uhaba kwa kurundika makopo ya chakula ghalani. Magendo hayakutaka ghala. Yalitaka ujuane na mtu, naye ajuane na mwingine.