Mashine Iliyolala Kiangazi: Petroli, Nyasi na Makabidhiano ya Mishamo

Mvua za Katavi huanza karibu na Novemba na kukoma Aprili au mapema Mei. Baada ya hapo nyasi hukauka, hugeuka rangi ya manyoya ya simba, na nyingi huishia motoni. Kwa hiyo mashine ya petroli ya kukatia nyasi, popote itakapopatikana katika tarafa ya Mishamo, iwe kwenye zahanati, shule au ofisi ya kata, hulala takriban nusu mwaka. Kule Uingereza, ambako mashine hii ilizaliwa (Budding aliibuni mwaka 1830 ikiwa ya kusukumwa kwa mkono, na kampuni ya Ransomes ikaanza kuuza ya petroli mwaka 1902), hulazwa kwa sababu ya baridi. Kwetu hulazwa kwa sababu ya jua. Ugonjwa inaoamka nao ni ule ule.

Ugonjwa wenyewe uko katika petroli. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo hushika moto upesi injini ikiwa baridi, ndivyo hutangulia kuyeyukia hewani. Kinachobaki hukutana na hewa na polepole huwa utomvu wa kahawia unaonata. Utomvu huo hukaa ndani ya kabureta, hasa kwenye tundu la kupitishia mafuta, ambalo ni jembamba kiasi kwamba chembe moja yatosha kuliziba. Katika joto la kiangazi cha Katavi, tangi likiwa nusu tupu, miezi 6 ni mingi mno. Juu ya hayo, vumbi jekundu huziba chujio la hewa, na nyigu hujenga viota vya udongo katika bomba la moshi.

Fundi anayejua kazi havuti kamba kwanza. Huchomoa waya wa plagi, humwaga petroli yote ya zamani na kuiweka mbali na moto, hufungua kikombe cha kabureta, husafisha tundu kwa petroli mpya na uzi laini wa waya, hupuliza chujio, hubadilisha oili, na huisugua plagi hadi iwe kavu na safi. Ndipo hutia mafuta mapya, hufunga choki na kuvuta. Ikikohoa mara mbili na kuzimika, hufungua choki kidogo na kuvuta tena. Kazi yote haizidi saa moja. Lakini tazama inachohitaji: lita 1 ya petroli safi, oili, pengine plagi mpya, na mtu anayelipwa kukumbuka. Kazi hii ingepungua sana kama mwezi Mei mtu angeliimaliza petroli yote kwenye injini kabla ya kuifungia stoo. Swali la kihistoria ni kwa nini mtu huyo hayupo.

Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978 ili kupokea wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, wengi wao wakihamishwa kutoka Ulyankulu, ambako ardhi na maji havikuwatosha. Ulikuwa mradi wa pande tatu: Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na TCRS, shirika la Kikristo lililoshughulikia ujenzi na huduma. Msitu mkubwa ulifyekwa, barabara zikachongwa, vijiji 16 vikapimwa, shule na zahanati zikajengwa. Yote hayo yalitegemea injini, na injini zilitegemea mafuta na vipuri vilivyolipiwa kwa fedha za kigeni kutoka kwa wafadhili. Mwaka 1985 makazi yalikabidhiwa kwa Serikali. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti huko mwaka 1985 na 1986, alikuta jamii ya watu wapatao 35,000.

Tukumbuke mwaka ule ulikuwaje. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Uganda, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda ghafla tangu 1979, na fedha za kigeni zilikuwa haba kiasi kwamba magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri. Sabuni ilikuwa ya kupangiwa foleni. Serikali iliyokosa petroli ya Dar es Salaam ilikabidhiwa injini za Mishamo. Sioni haki kuilaumu kwa uzembe pekee. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa katika mpango wenyewe: makabidhiano yalihesabu vitu, hayakuhesabu mafuta ya kuviamsha kila mwaka. Hati ya makabidhiano hupenda kuorodhesha mali. Matengenezo si mali, hayapigwi picha, hayakatiwi utepe.

Tabia hiyo haikufia mwaka 1985. Watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa wanajua tofauti kati ya fedha za maendeleo na fedha za matumizi ya kawaida, na wanajua ni kifungu kipi hukatwa kwanza.

Kuna jambo la pili. Baada ya 2007, wakazi wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu walipewa hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba zaidi ya 162,000 wamekubaliwa kuwa raia. Hata hivyo vyeti vilizuiliwa, kwa kuwa mpango wa awali ulitaka raia hao wapya wahamishiwe mikoa mingine na makazi yafungwe. Hadi vyeti vilipoanza kutolewa mwishoni mwa 2014, watu waliishi mahali palipotazamiwa kufutwa. Ni nani angenunua kabureta kwa ajili ya zahanati inayosubiri kufungwa? Miaka ile ilikuwa kiangazi kirefu kuliko cha mbingu.

Petroli nayo ina historia yake. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulienea hadi EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Mkazi wa kijijini, aliyekuwa akiwasha kibatari kwa mafuta hayo, ndiye aliyelipa gharama ya kusafisha petroli ya mjini. Na vijijini petroli bado huuzwa kwa chupa za maji, juani, ikianza kuchakaa kabla ya kufika kwenye tangi.

Kwa hiyo Novemba ifikapo, mashine ikikataa kuwaka, hurudishwa stoo, na walimu huwaagiza wanafunzi waje kesho na mafyekeo kutoka nyumbani. Katika daftari la mali mashine bado huandikwa kuwa ipo, na ipo kweli. Saa za watoto zinazopotea kwenye nyasi haziandikwi katika daftari lolote.